Madebe Kumi na Mawili ya Romani

Mume wangu Romani alikuwa mtu wa kusema sana, na kila alichokisema kilinirudia mimi. Ninalisema hili mapema ili mtu asidhani nimekaa hapa kumsifu. Nilimpenda, sikatai. Lakini ile miaka ya kwanza ya ndoa yetu, pale Kilangala kwa mama yangu, nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka kwa jembe.

Kwetu mwanamume akioa huja kukaa kwa kina mke. Anajenga kibanda uani kwa wakwe, analima, anakata kuni, na watu wanamtazama. Akionekana anafaa, mjomba wa mke humkatia kipande cha ardhi na maneno yanaisha. Asipofaa anafungasha, na mkewe achague: amfuate mume kwa watu asiowajua, au abaki kwa mama yake aitwe mwanamke aliyeachwa. Mjomba wangu Nikodemu, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa na kauli juu ya bonde letu. Bonde lile lilikuwa zuri, udongo mweusi wenye unyevu hata Oktoba. Romani alilitamani tangu siku ya kwanza. Mimi nililitamani zaidi yake, kwa sababu bila bonde angerudi kwao Kikole, kule Kilwa, na mimi ningelazimika kuchagua kati yake na mama. Sikutaka kuchagua. Sikuwa na ndugu mwingine wa kumwachia mama.

Kisha kuna jambo la pili la mila, na hilo ndilo lililonitoa roho. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Romani akimwona mama yangu njiani, anaingia porini hata kama ni kwenye upupu. Mama akimsikia Romani anakohoa uani, anakimbilia ndani na kuacha mboga inaungua. Lolote walilotaka kuambiana lilipitia kwangu. "Mwambie mama yako." "Mwambie mumeo." Kutoka mlango wa mama hadi mlango wetu ni hatua ishirini, na hatua hizo nilizikanyaga mimi, kutwa, na maneno ya watu mdomoni.

Sasa wote wawili walikuwa na ndimi kali. Mama aliwahi kuniambia, "Mwambie mumeo paa alilotuezekea linavuja. Kama kwao wanalala nje, sisi hatulali nje." Nikaenda kwa Romani nikasema, "Mama anashukuru kwa paa, ila kona moja inahitaji nyasi kidogo." Romani akasema, "Mwambie mama yako kona hiyo inavuja kwa sababu kuku wake wanalala juu yake. Awafundishe adabu." Nikarudi kwa mama nikasema, "Anasema kesho atapanda aone." Hivyo ndivyo nilivyoishi. Nilipunguza makali huku, nikapunguza makali kule, kila mtu akalala akidhani mwenzake ni mpole. Nilijiona mwerevu sana.

Yale madebe yalikuja na Romani mwenyewe. Wengine huja ukweni na blanketi na jembe; yeye alikuja na madebe kumi na mawili matupu ya mafuta ya taa, aliyoyaokota kambi ya barabara alikokuwa kibarua, ameyafunga kwa kamba juu ya lori la kwenda Lindi. Ujana wake alikuwa amefanya kazi bustani ya misheni, na huko ndiko alikoona nyanya zikioteshwa kwenye makopo na masanduku. Udongo wa uani kwetu ni mchanga na mawe, mbuzi hawana adabu, nguruwe pori wako hatua chache tu, na bonde lilikuwa halijawa letu. Akasema bustani itakaa barazani ambapo anaiona. Alitoboa matundu chini kwa msumari, akaweka vigae vya chungu ili matundu yasizibe, kisha akaenda kukibomoa kichuguu nyuma ya nyumba. Siku tatu alibomoa kichuguu kile. Udongo wake akauchanganya na samadi ya mbuzi, akajaza, akapanda miche ya nyanya mwezi wa Julai, tukaimwagilia maji ya kuoshea vyombo.

Mwaka ule wa kwanza zilizaa. Siwezi kudanganya, zilizaa mpaka matawi yakafungwa kamba. Watu wakitoka sala ya Jumapili kigangoni walipitia kwetu kutazama. Mama alikula nyanya zile kila siku na hakunituma hata neno moja la shukrani, ila mara moja tu, "Mwambie ngozi zake ni ngumu." Nikamwambia Romani kwamba mama anazipenda.

Angenyamaza hapo tungekuwa salama. Lakini Romani na kunyamaza wapi na wapi? Jumapili moja, mbele ya watu waliokuja kutazama, na mjomba Nikodemu akiwa miongoni mwao, alipiga debe moja kwa kiganja akasema, "Udongo huuhuu nitautumia miaka kumi. Ninyi mnafyeka msitu mpya kila baada ya mavuno mawili, mnahama hama. Mimi shamba langu sihami nalo, nalifufua."

Mjomba alikuwa amefyeka msitu maisha yake yote. Mikono yake ilikuwa na makovu ya kazi hiyo. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

"Haya," mjomba akasema taratibu. "Umesema wewe mwenyewe. Madebe hayo, udongo huohuo. Samadi tia, majani tia, hayo si udongo. Lakini udongo mpya usiongeze hata konzi moja, wala wa kichuguu wala wa bondeni. Kila mwaka kabla ya mvua nitakuja kutazama. Ukivuna mwaka wa tatu kama ulivyovuna mwaka huu, bonde ni lenu. Usipovuna, madebe ni mepesi. Utayabeba."

Watu wakacheka. Romani naye akacheka, akashikana mkono na mjomba kwa furaha kama mtu aliyepewa zawadi. Usiku nilimuuliza, "Hivi ulilazimishwa?" Akasema mimi sina imani.

Mwaka wa pili alifanya upuuzi ambao hata mtoto asingefanya. Aling'oa miche mikavu, akachomeka mipya kwenye mashimo yaleyale, nyanya juu ya nyanya, bila kuugusa udongo. Alisema udongo ule ni mzuri, si tumeuona? Miche ilisimama wiki mbili, kisha ikadumaa. Majani yakajikunja. Matunda yalikuwa madogo kama gololi. Tulipong'oa mche mmoja tukaona mizizi imejaa vinundu, na udongo umekaa ndani ya debe mgumu kama kipande cha sabuni. Mjomba alikuja, akayazunguka madebe na fimbo yake nyuma ya mgongo, akavuta ugoro, akapiga chafya, akasema, "Umebaki mmoja." Akaenda zake.

Romani hakusema kwa wiki nzima. Nilimwogopa katika kimya kile kuliko katika majivuno yake. Kisha asubuhi moja mvua zilipoanza, akasema amekumbuka. Yule mzee aliyekuwa mkuu wa bustani ya misheni hakupanda hata siku moja kwenye udongo wa mwaka jana kabla ya kuusumbua. Ndilo neno alilotumia, kuusumbua. Basi tukausumbua, na mimi nikasumbuliwa pamoja nao.

Tuliyamwaga madebe yote kumi na mawili juu ya majamvi, palipopata jua. Tulivunjavunja mabonge kwa mikono. Nilichambua mizizi ya zamani, hata ile myembamba ya nywele, mpaka kucha zikaniuma. Mizizi yenye vinundu aliichoma moto mbali na nyumba. Funza weupe waliokuwa humo tuliwapa kuku. Kisha akachukua chekeche langu la unga, chekeche ambalo nilikuwa nimepewa siku ya harusi, akachekecha udongo wote, konzi kwa konzi, akisimamia kila punje. Chekeche halikufaa tena kwa unga. Nilipolalamika alisema atanisukia jingine. Mpaka leo nangoja.

Udongo ukaanikwa siku sita, unageuzwa asubuhi na jioni, na mvua ikitishia tunakimbia kuukusanya. Akauchanganya na samadi iliyolala mwaka mzima na majani yaliyooza. Akarudisha ndani ya madebe, akapanda kunde, si nyanya. Alisema udongo uliochoshwa na nyanya unataka kuona uso mwingine. Kunde zilipoanza kutoa maua hakungoja zizae. Alizikata, akazifukia humohumo zikaoza. Mimi moyo uliniuma kuona kunde zinafukiwa, lakini nilinyamaza, maana udongo ulikuwa umebadilika kweli. Ukiufinya ulishikana, ukiugusa kwa kidole ulivunjika. Ulinukia msitu. Mwisho wa yote akatia majivu, konzi moja ndogo kwa kila debe.

"Basi," akaniambia akikung'uta mikono. "Majivu yasizidi hapo. Yakizidi yanauharibu udongo, na mimea inakuwa ya njano. Nenda ukamwambie mama yako, maana najua ataleta maneno yake."

Nikaenda. Mama alikuwa anamenya mihogo, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Nimewaona na udongo wenu. Mwambie mumeo atie majivu. Mengi. Na kila wiki aongeze, kama ninavyofanya kwenye mchicha wangu. Asijifanye anajua kila kitu kwa sababu alifagia bustani ya mapadre."

Hapa ndipo ninapojichukia. Nilichoka. Nilikuwa na maneno mawili mdomoni, yanapigana, na nilijua nikiyafikisha yalivyo yatazaa mengine ishirini na yote nitayabeba mimi. Kwa mama nikasema, "Anasema amesikia, mama." Kwa Romani nikasema, "Mama anasema Mungu aibariki kazi yako." Romani alifurahi sana. Mama naye alitikisa kichwa, akaridhika. Na mimi nikaenda kisimani na mtungi, nikiona nimepata nafuu ya siku moja.

Tulipanda miche. Ilishika vizuri kuliko hata mwaka wa kwanza, minene, ya kijani kibichi. Ungedhani ningefurahi. Mimi nilikuwa na hofu. Kila nilipopita nilihesabu majani. Nilikuwa nikiwaza: mama amelima miaka arobaini, mchicha wake haujawahi kumwangusha, na amesema majivu mengi. Romani alikuwa na uhakika mwaka wa pili vilevile, na tuliona mwisho wake. Itakuwaje kama mama ndiye mwenye haki? Nani atapanda lori la Kikole?

Basi Jumamosi Romani alipokwenda kukata nguzo, nilichota majivu jikoni, nikatia konzi mbili kila debe, nikayachanganya kwa kijiti, nikafunika na udongo wa juu. Nikafanya hivyo Jumamosi nyingine, na nyingine. Nilijiambia kwamba ninamtii mama bila kumkasirisha mume. Nilijipongeza.

Mwisho wa Agosti majani yakaanza kugeuka. Mishipa ilibaki kijani na katikati pakawa njano, kisha kingo zikaungua. Majani mapya yalitoka madogo, yamepauka. Juu ya udongo pakatokea utando mweupe, mgumu, unaopasuka. Romani alichanganyikiwa. Alizidisha maji, halafu akayapunguza. Aliyahamishia madebe kivulini mwa mkorosho, siku mbili baadaye akayarudisha juani, madebe kumi na mawili yaliyojaa, na mgongo wake ukiuma. Aligombana na mbuzi wa jirani kuhusu mkojo. Aligombana na kuku. Aligombana na jua.

Kisha asubuhi moja akaniita. Alikuwa amechuchumaa, amekwangua utando ule mweupe kwa ukucha.

"Stefania, tazama. Kuna mtu ananichezea."

"Nani akuchezee?"

"Mtu anakuja kunimwagia dawa. Huu ni unga. Tazama mwenyewe, unga!"

Jumapili akarudi na chupa ya maji ya baraka kutoka kigangoni, akanyunyizia madebe yote, akasali kwa sauti. Siku mbili baadaye weupe ulikuwa umerudi, tena umezidi, naye akanitazama na macho ya mtu asiyelala. Nilikuwa nimeshika ungo. Nilipaswa kusema palepale. Romani hakuwahi kuninyanyulia mkono, hivyo sikuogopa kupigwa. Niliogopa namna atakavyonitazama. Nikasema, "Labda ni chumvi ya maji ya vyombo."

Nikaacha kutia majivu, bila shaka. Niliacha kabisa. Lakini weupe haukupungua. Wiki ikapita, ikapita ya pili, na kila asubuhi utando ulikuwa umezidi wa jana. Nilianza kuamini mwenyewe kwamba kuna mchawi. Hapo ndipo nilipoamka jogoo la kwanza, nikajibanza nyuma ya mlango nione.

Sikungoja sana. Mtu alikuja ameinama, kifuu cha nazi mkononi, akipita debe hadi debe kwa utaratibu, anamwaga kidogo hapa, kidogo pale, kisha anamimina maji kutoka kwenye kata. Alikuwa mama yangu.

Nikatoka mbio. "Mama!"

"Usipige kelele. Mumeo ameamka?"

"Unafanya nini?"

"Nafanya kazi ambayo mumeo amekataa kuifanya," akanong'ona kwa hasira. "Si nilikutuma umwambie atie majivu? Ukaniambia amesikia. Nikangoja wiki nzima, sikumwona akitia hata chembe. Unadhani nataka uende Kikole? Mimi nikiugua nani atanipa maji? Niliona nimsaidie kimyakimya."

"Tangu lini?"

"Tangu miche ilipotoa majani manne. Kila alfajiri."

Nikakaa chini. Konzi ya Romani. Konzi zangu za Jumamosi. Kifuu cha mama cha kila alfajiri, karibu miezi miwili. Tulikuwa tunazika mimea ile hai.

"Mama, alikuwa ameshatia. Alitia siku ileile, akasema yasizidi. Yakizidi yanaharibu."

Mama alikitazama kifuu kilichokuwa mkononi mwake. "Mbona hukuniambia?"

Mama akaweka kifuu chini taratibu, akajifunika kanga mpaka puani. "Usimwambie," akasema. "Mkwe wangu akijua nimegusa kazi yake, nikaiharibu kwa mikono yangu, nitaiweka wapi sura yangu? Niapie, Stefania."

Nikaapa. Mjinga mimi, nikaapa.

Nilijaribu kuiokoa kwa mlango wa nyuma. Nilimwambia Romani labda udongo umekuwa mkali, tuumwagie maji mengi yapite chini uoshwe. Akaniuliza tangu lini nimekuwa bwana shamba. Kabla sijapata njia nyingine, mjomba Nikodemu akaja.

Alikuja Ijumaa asubuhi. Romani akampa kiti, akakikataa, akaanza kupita debe baada ya debe, anachokonoa kila moja kwa ncha ya fimbo. Tisa yalikuwa yamekauka kabisa. Matatu yalikuwa na maua, na kwenye yote matatu palikuwa na nyanya nne. Mjomba alizihesabu kwa sauti, jambo ambalo halikuwa na haja.

"Romani," akasema, "sisi hatujakufukuza. Madebe yako yamekufukuza. Jumatatu lori linapita."

Nilimngoja Romani abishe. Alikuwa mtu wa kubishana hata juu ya idadi ya vidole vyake. Badala yake aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, mjomba. Nilidhani naujua udongo. Umenishinda."

Hapo sikuweza tena. Ningeweza kuvumilia majivuno yake, na kelele zake, na chekeche langu. Sikuweza kumsikia akisema ameshindwa wakati hakushindwa. Nyuma ya mlango wa mama niliona pindo la kanga linatikisika, nikajua anasikiliza, na nikajua nimeapa. Nikasema hata hivyo. Nilisema kila kitu, kwa mara ya kwanza bila kupunguza makali: alichonituma Romani, alichonituma mama, nilichokwenda kusema mimi, Jumamosi zangu, kifuu cha alfajiri. Sauti yangu ilikuwa inapanda na sikuweza kuishusha.

Mjomba akageukia mlango. "Dada, ni kweli haya?"

Pindo la kanga likatulia. Kisha sauti ya mama, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Kweli."

Mjomba akakaa sasa kwenye kiti kile alichokikataa. "Kwa hiyo," akasema, "watu watatu mnakaa uani pamoja, mnatia kitu kimoja kwenye madebe yaleyale, na hakuna aliyemuuliza mwenzake."

"Wangeulizanaje?" nikamjibu kwa hasira. "Si mila zenu hizi? Wangeulizana kwa macho?"

"Walikuwa na wewe," akasema mjomba. "Wewe ndiye waliyekuwa wanakuuliza."

Mjomba akavuta ugoro wake, akafikiri, na Romani alikuwa bado ameinamisha kichwa. Hatimaye mjomba akainuka. Akasema hawezi kutoa bonde kwa nyanya nne, na hawezi kumfukuza mtu kwa majivu ya wengine. Kwa hiyo mwaka mmoja zaidi. Madebe yaleyale na udongo uleule, huohuo ulioharibika, na aufufue kama anavyojua. Na asiyehusika asiguse hata kwa kidole.

Nilidhani Romani atafurahi. Aliyatazama madebe yake, kisha akanitazama mimi, na mtazamo niliouogopa miezi yote ile ukaja, mbaya kuliko nilivyoufikiria, kwa sababu haukuwa wa hasira.

"Hata wewe, Stefania?" akasema. "Mama yako namwelewa, hakufikishiwa neno. Wewe ulikuwepo. Uliniona nikiuchekecha ule udongo konzi kwa konzi. Ulinisikia nikisema yasizidi. Na bado ukatia."

Jumatatu lori lilipita likapiga honi barabarani. Romani hakuinua kichwa. Alikuwa ameng'oa mimea yote, amekwangua utando mweupe wa juu akautupa mbali, na sasa alikuwa anamimina maji debe baada ya debe, anangoja yatoke chini kwenye matundu. Yalitoka ya rangi ya chai iliyopauka, yenye utelezi. Alichota kisimani mwenyewe, hakunituma. Siku tatu hakunisemesha ila kwa mambo ya chakula.

Siku ya nne, akiwa amechuchumaa penye madebe na mimi nikipita na ungo, akasema bila kunitazama, "Mwambie mama yako..."

"Mwambie mwenyewe," nikasema.

Akageuka. "Umerukwa na akili?"

"Akili ninazo. Yupo nyuma ya mlango huo, anakusikia, na wewe unamsikia akikohoa kila siku. Mgeuzie mgongo kama unaona haya, lakini sema mwenyewe. Mimi sibebi tena."

Nilidhani atainuka aondoke. Akakwangua matope kwenye vidole vyake. Kisha akageuka, akaupa mgongo mlango wa mama, uso wake ukatazama mkorosho, akasafisha koo.

"Shikamoo, mama."

Nikaanza kujuta. Kisha mlango wa mianzi ukalia kidogo, kama mtu ameuegemea.

"Marahaba, baba."

"Majivu sasa basi, mama. Naomba."

"Nimesikia. Na wewe usimimine maji yote kwa mkupuo. Unaitoa hata samadi."

"Ninamimina kidogo kidogo, mama."

"La mwisho huko limeziba. Maji yamesimama tangu jana, nimeona."

Romani akaenda kutazama debe la mwisho. Lilikuwa limeziba kweli. Akatafuta msumari wake, akaliinamisha, akaanza kuchokonoa tundu, na huku anauambia mkorosho kwamba vigae vilikuwa vidogo mno, na mama ndani anauambia mkorosho huohuo kwamba vya chungu chake kilichovunjika ni vikubwa, vipo nyuma ya jiko, avichukue. Wakaendelea hivyo. Hawakunihitaji.

Nikakaa na ungo wangu kupepeta mtama. Maneno ya watu yalikuwa yameniisha mdomoni, yote. Lilikuwa limebaki moja tu, la kwangu, na lilikuwa "nisamehe". Romani alikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Nikafungua mdomo nimwambie, na nikajisikia nikimuuliza kama leo atakula ugali au muhogo.

Akasema, "Chochote."